Mvua ya Tucson, Mvua ya Dodoma

Tucson, Arizona, hupata mvua ya kama milimita 280 kwa mwaka. Dodoma hupata zaidi ya milimita 500. Hata hivyo mtaa ninaoishi huku Tucson una kivuli zaidi kuliko Ipagala, Dodoma, nilikotoka.

Huku wanakata ukingo wa saruji wa barabara, tundu la kupitisha maji tu. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka na lami huingia kwenye shimo pana lililo chini ya usawa wa barabara. Humo umepandwa mti wa asili, na udongo umefunikwa kwa majani na vipande vya matawi. Maji hunywewa na ardhi kabla mbu hajapata pa kuzalia. Brad Lancaster, mkazi wa Tucson, alikata ukingo mbele ya nyumba yake miaka ya 1990, kabla hapajakuwa na ruhusa. Baadaye jiji likahalalisha. Siku hizi mwenye nyumba anayevuna mvua anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama.

Kwetu nyumba ikiisha tu, anaitwa fundi wa pevingi. Ua wote unafunikwa hadi getini, mti unakatwa kwa kosa la kupukutisha majani, na maji ya bati yanatupwa nje yakachimbe barabara ya mtaa. Ikifika Septemba, mwenye nyumba yuleyule ananunua maji ya boza kumwagilia ukoka. Inaniuma sana. Bati la mita 100 za mraba, kwa milimita 500, hupokea lita 50,000!

Na ujuzi tunao. Wakulima wa Chololo, kijiji cha hapohapo Dodoma, huchimba vishimo vya kukinga maji kwenye mtama na uwele. Programu ya Kisiki Hai imewafundisha wengi kulea machipukizi ya visiki badala ya kung'oa. Tukihamia mjini, ujuzi huo tunauacha shambani.

Miti ya huku msiilete. Mathenge, ndugu wa mesquite inayostawi Tucson, imevamia malisho ya Baringo, Kenya. Mkwaju unatosha, na mkungugu pia. Ng'oeni pevingi kidogo, angalau mita tatu kutoka kwenye msingi, mchimbe shimo kabla ya mvua za Desemba na kulielekezea maji ya bati. Fundi yuleyule wa pevingi anaiweza kazi hiyo.