Haki ya Kobe Katika Nyumba ya Muislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kitambaacho na kiogeleacho, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Wasomaji wetu wapenzi, huenda baadhi yenu mkacheka mtakapoona ya kuwa mwalimu wa chuo, mtu wa juzuu na ubao, ameshika kalamu kuandika habari za kobe. Nasi hatuwalaumu. Lakini lililotufika sisi hapa Mtwara ni jambo ambalo twaona si haki kulificha, kwani watoto wetu wa pwani hii, tangu Msimbati mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya Kitaya na Kilambo, hupenda kuokota kobe wa maji na kuwaleta majumbani, nasi wazazi huwaachia kwa kuona ni mchezo tu.

Kwanza yafaa tumjue tunayemsema. Yuko kobe wa nchi kavu, ambaye kila mtu amjua. Yuko kasa wa baharini, ambaye hupanda ufukoni usiku kutaga mayai yake mchangani, na huyo hana mahali kabisa katika nyumba ya mtu. Bahari na fukwe za Msimbati ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na kasa analindwa na sheria katika Tanzania nzima. Mtoto akiokota kitoto cha kasa akakitia ndooni, amekitoa katika njia yake ya kwenda baharini, na ndoo haiwezi kuwa bahari, hata ijazwe maji ya chumvi mara mia. Wa tatu ndiye kobe wa maji baridi, akaaye katika mito, mabwawa na madimbwi. Katika Mto Ruvuma wamo wa namna mbalimbali, na mmoja wao hukua hata gamba lake likapita urefu wa sentimita 40. Yule aletwaye majumbani mara nyingi ni mdogo wa madimbwini, rangi ya tope, aingizaye shingo yake ndani ya gamba kwa kuilaza ubavuni, na ukimshika akiwa na hofu hutoa harufu mbaya sana. Huyo ndiye aliyetufundisha.

Mwaka 2018, wakati wa mvua, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka tisa alitujia na kopo tupu la rangi. Akasema, "Shikamoo, Maalim. Babu kampata jarubani. Mama hamtaki, ananuka."

Tukamwitikia marahaba, tukachungulia. Alikuwamo kobe mdogo, kadiri ya andazi. Tukasema kumwambia mtoto amrudishe ni kumvunja moyo, na tukakumbuka ya kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alimwona Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, akichezea ndege wake, wala hakumkataza, na ndege alipokufa alimliwaza kwa upole. Wanavyuoni wengi wameichukua habari hiyo kuwa ni dalili ya kujuzu kumfuga ndege. Basi tukaona tumepata hoja. Tulisahau kwamba wanavyuoni hao hao waliweka sharti: mwenye kufuga amtimizie mnyama haja zake. Hoja tuliichukua, sharti tukaliacha.

Tulimweka kobe katika beseni la kufulia, ukumbini, chini ya dirisha la vioo, ili apate mwanga. Tukamtilia maji ya kumfikia shingoni na jiwe moja la kupanda. Chakula chake kilikuwa kile kilichobaki katika sinia: wali, mkate, na pengine kipande cha muhogo. Watoto wa chuo walifurahi mno. Miezi ikapita. Kisha mama watoto akatuonyesha ya kuwa gamba lake limekuwa laini, ukilibonyeza lanywea, na macho yake yamevimba hata hafumbui. Tukasema atapoa.

Katika siku zizo hizo tulikuwa twawasomesha watoto habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuliieleza vizuri, kama tulivyoieleza kwa miaka mingi: kwamba kosa lake ni kumfungia kiumbe kisichoweza kujitoa, asimpe cha kumfaa, wala asimwache ajitafutie. Yule mtoto wa kopo la rangi akainua mkono. Akauliza, "Maalim, na yule paka alikuwa ndani ya beseni?"

Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka. Hakuuliza kwa ujeuri; alitaka kujua tu. Tukamjibu kwamba habari haikutaja beseni, tukafunga somo kabla ya wakati. Baada ya siku nne kobe akafa. Tukamzika chini ya mnazi, na mtoto yule alisimama kando asiseme neno. Hilo lilitutia haya kuliko lau angalilia.

Baadaye tuliuliza kwa wajuao na tukasoma, tukatambua ya kuwa tulimuua kwa mambo mawili. La kwanza ni jua. Kobe hupata vitamini D kwa kuota jua, na bila hiyo hawezi kuitumia chokaa iliyo katika chakula chake kujengea gamba na mifupa. Na ile miali ya jua iletayo faida hiyo haipenyi kioo. Sisi tulimpa mwanga, tukadhani tumempa jua. La pili ni chakula. Kobe huyu si mla wali. Yeye hula minyoo, wadudu, konokono na samaki wadogo. Akikosa vyakula vyenye vitamini A macho yake huvimba, na akikosa chokaa gamba hulegea. Tena tulikuwa tumemkosea kabla ya hayo yote, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyama wa mwitu bila ya kibali, nasi hatukuuliza mtu yeyote. Wengi wetu tukisikia "wanyamapori" twafikiri tembo na simba tu.

Tuliazimia kutomweka kobe tena. Lakini mja hupanga, na Mola hupanga.

Mwezi wa Novemba mwaka 2021, watu walipokuwa wakitayarisha mashamba kungojea mvua, jamaa yetu mmoja wa upande wa Kilambo alipiga jembe katika jaruba lililokauka, likagonga gamba. Kobe hawa, madimbwi yakikauka, hujifukia topeni na kulala humo mpaka mvua irudi. Mkulima hana namna ya kuwajua. Ukingo wa gamba ulipasuka, ufa wa kadiri ya kidole. Alituletea kwa sababu alisikia kwamba "Maalim hupenda kobe." Subhanallah, sifa tuliyoipata!

Safari hii tulikwenda kwanza kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya, tukamweleza. Akaturuhusu tumuuguze, kwa sharti kwamba akipona arudishwe alikotoka. Daktari wa mifugo alilisafisha jeraha kwa dawa ya madini ya joto, akatuagiza kwamba mgonjwa akae mahali pakavu sehemu kubwa ya siku, atiwe majini kwa muda wa saa moja tu apate kunywa na kula, mpaka ufa ufunge. Siku za kwanza basi nyumba yake ilikuwa sanduku la mbao lenye nguo safi. Lakini ufa wa gamba hauponi kwa wiki mbili, huchukua miezi mingi, nasi ikatupasa tufikiri juu ya nyumba ya majini ambayo mwalimu wa chuo aweza kuigharimia.

Wenzetu wa Ulaya hununua masanduku ya vioo, taa za joto na mashine za kuchuja maji. Sisi wa Mtwara Mwenyezi Mungu ametupa joto bure, na jua li mlangoni. Tulipata pipa la plastiki la lita 200 lililopasuka upande mmoja, ambalo mwenyewe alikwisha kulikatia tamaa. Tulihakikisha kwanza kwamba lilikuwa la mafuta ya kupikia, si la dawa ya mikorosho, kwani huku kwetu mapipa ya namna zote mbili yapo. Fundi akalipasua kwa urefu, nusu zima tukalichukua, tukaliegemeza juu ya vipande vya mbao lisibingirike. Mdomo wake wenye kizibo tuliuweka upande wa chini. Na hilo, wasomaji wetu, ndilo jambo jema kuliko yote tuliyoyafanya, maana kumwaga maji hakukuhitaji tena mtu wa kuliinua. Mlangoni mwa kizibo tulikinga ndoo, basi.

Ndani tulifunga kipande cha mti wa mnazi, upande mmoja umezama na mwingine uko juu ya maji, tukakizungushia kamba ya usumba ili kucha zake zishike. Tulikifunga imara kwa sababu mawe yaliyopangwa huporomoka, na kobe aliyebanwa chini ya maji huzama kama mtu, naye hupumua kwa mapafu. Pipa lilikaa ukumbini, mbali na paka na mwewe. Kila asubuhi tulimtoa mgonjwa uani katika sanduku lake apate jua lenyewe kwa saa moja hivi, nusu ya sanduku imefunikwa kwa kuti ili akiungua ajisitiri. Tafadhalini msilichukulie jambo la kivuli kwa wepesi. Beseni lenye maji kidogo likiachwa katika jua la mchana wa Mtwara hugeuka chungu cha kupikia, na aliyemo hana pa kukimbilia.

Ama maji, tulikuwa tukiyatoa bombani na kuyalaza katika ndoo usiku kucha ili dawa ipungue. Wafugaji wana kipimo cha kukisia: lita 40 kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba. Tulimpima mgonjwa wetu kwa rula ya chuoni, akawa sentimita 14. Maana yake alistahili lita 200 na ushei, nasi tulimpa 60. Hatusemi kwamba ilitosha. Tulifidia kwa kubadilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila alipokula samaki, siku ile ile. Ajuaye kwamba hawezi kazi hiyo asijiingize, kwa sababu kobe huishi miaka mingi sana, na mtoto aliyemwomba atakuwa amekwisha kuoa na kuhama.

Chakula kilikuwa dagaa wabichi pamoja na miiba yao, minyoo ya udongo na panzi. Konokono tuliwaacha, maana kuwatafuta katika majaruba ni kuwapeleka watoto kwenye kichocho. Tulimtilia majini ule mfupa mweupe wa ngisi uokotwao ufukoni, autafune apate chokaa. Haugharimu hata senti.

Mama watoto alikuwa na neno lake, nalo lilikuwa neno la haki. Aliuliza habari ya tohara. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe, basi kumgusa kobe hakumtii mtu najisi. Lakini mavi yake ni najisi, na maji ya pipa yamechanganyika nayo. Kwa hiyo maji yale yalimwagwa migombani, mbali na mahali pa kutawadhia, na ndoo na kata za kobe zilitiwa alama ya rangi nyekundu zisiingie jikoni. Na huku fiqhi na utabibu vimekutana, kwa kuwa kobe hubeba vijidudu viitwavyo salmonela, viletavyo homa na kuhara, khasa kwa watoto. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe ambao gamba lao halijafika inchi nne, yaani sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia midomoni na kuugua. Chuoni kwetu ilikuwa amri: aliyemgusa kobe hagusi msahafu wala andazi kabla ya kunawa kwa sabuni.

Yule mtoto wa kopo la rangi alikuwa amekwisha kutimia miaka kumi na miwili. Yeye ndiye tuliyempa zamu ya kuleta panzi. Hakutaja hata siku moja habari ya kobe wa kwanza, na sisi hatukuitaja. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua juzuu, alikwenda kwanza kubonyeza gamba kwa kidole gumba, polepole, kama mnunuzi wa maembe. Akirudi kukaa alisema, "Gumu, Maalim." Nasi twaitikia, "Alhamdulillahi," kisha twasoma.

Mvua za mwishoni mwa mwaka 2022 zilipoanza kujaza majaruba, daktari aliutazama ufa akasema umefunga. Tukampa habari afisa wa wanyamapori, naye akatuambia tumpeleke. Tulipanda gari la asubuhi kwenda Kilambo, kobe akiwa ndani ya ndoo yenye matambara mabichi, na abiria wakilalamika kwa ile harufu yake, kwani safari haikumpendeza. Jamaa yetu alitungoja, akatuonyesha jaruba lile lile, maji yamefika magotini. Mtoto aliinama akamweka ukingoni.

Alikaa kitambo kichwa kimeingia ndani. Kisha akakitoa, akashuka, na maji yakafunga juu yake. Tukaona matope yakitibuka kidogo, na baadaye hata hayo yakatulia. Mtoto alisimama akingoja kuona kama atainuka kuvuta pumzi. Tulimwita mara mbili kwamba gari laondoka.

"Bado, Maalim," akasema. "Hajatokea."

Tukarudi tukasimama naye. Alipotokea, pua tu, upande wa pili kabisa wa jaruba, gari lilikuwa limekwenda, na tulirudi Mtwara kwa gari la alasiri.