Kilima cha pimbi na nishani za dhahabu

Msomaji, ukiwa Milimani, Nakuru, Menengai iko juu yako, mji uko chini, na nyuma ya mji linametameta ziwa. Jumapili moja wachukue watoto, mshuke mjini na kushika barabara ya Nairobi. Mwendo wa kilomita nne hivi utawafikisha Hyrax Hill, kilima chenye jina la pimbi.

Hapo pana makumbusho madogo, makaburi ya kale, mashimo yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, na hata bao lililochongwa mwambani. Mary Leakey alichimba hapa mwaka wa 1937 na 1938. Mwaka wa 1962, yeye na mumewe Louis walitunukiwa nishani ya Hubbard na shirika la National Geographic la Marekani, kwa uvumbuzi wao wa Olduvai, Tanganyika. Nishani hiyo yaitwa kwa jina la rais wa kwanza wa shirika, Gardiner Greene Hubbard. Wa kwanza kuipokea alikuwa msafiri Robert Peary, mwaka wa 1906.

Utauliza, mbona si Nobel? Alfred Nobel hakuacha tuzo kwa wachimbaji wa mambo ya kale. Hata hivyo, nishani ya Nobel ya fizikia na kemia, iliyochongwa na Msweden Erik Lindberg, ina picha inayowafaa hasa. Upande mmono ni sura ya Nobel. Upande wa pili, Maumbile ni mwanamke anayetokea mawinguni, uso umefunikwa utaji, na Sayansi anauinua utaji huo ili amwone.

Je, ni nani hasa huuinua? Kamoya Kimeu, kijana wa Ukambani aliyeishia shule ya msingi, alianza kazi ya kuchimba na akina Leakey mwaka wa 1960. Mwaka wa 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe. Kumbe ni mvulana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita! Mwaka wa 1985 shirika lilelile likampa nishani ya La Gorce, naye akaipokea mkononi mwa Rais Ronald Reagan. Kamoya alifariki mwaka wa 2022.

Basi mwanao akichoka kutazama mawe ya Hyrax Hill, msimulie habari za Kamoya. Wenye shahada walipita na macho yao, yeye aliona. Mchumia juani hulia kivulini.