Daftari la Madeni la Kitete

Desemba 2018, Serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kipimo kilikuwa mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka, yaani takribani 11,000 kwa siku. Kila nipitapo Kitete, mjini Tabora, huvutiwa zaidi na kitu kisichoingia katika hesabu hiyo: daftari la madeni.

Penye hospitali ya mkoa, anayeuguza mgonjwa kutoka kijijini huweza kuishiwa fedha kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Sabuni, sukari na mafuta ya kupima huandikwa daftarini. Dhamana ni neno lake tu. Mke huuza asubuhi, mume jioni, mtoto baada ya shule. Hakuna alipwaye mshahara, na deni lisilolipwa hupunguza chakula cha familia hiyo hiyo.

Kukopeshana si jambo geni hapa. Misafara ya karne ya 19 iliyofika Unyanyembe ilibeba vitambaa na shanga zilizokopwa kwa matajiri wa Unguja, deni likalipwa kwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi. Lakini tajiri yule alitafuta faida kubwa. Mwenye duka wa Kitete hatozi riba hata senti.

Basi, ndugu msomaji, tunapomwita “sekta isiyo rasmi”, tujiulize: ni taasisi gani rasmi ingemkopesha mgeni kipande cha sabuni? Anayebeba mzigo huu kwa niaba yetu anastahili kuulizwa anahitaji nini, kabla ya kuulizwa amelipa nini.