Mafundo katika Manyoya ya Pamba

Huenda mtacheka mkisikia kwamba leo nataka kuwaeleza habari za kumchana paka. Kwetu paka hachanwi. Paka hukamata panya, hupewa vichwa vya samaki, hulala jikoni karibu na majivu, na usafi wake ni shauri lake mwenyewe. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini paka mmoja wa manyoya marefu alinionyesha jambo ambalo macho yangu hayakuliona, nalo lilikuwa ndani ya nyumba yetu.

Shangazi yangu ni mtu wa Bukavu. Nyumba yake imejengwa kwenye mteremko, na kutoka barazani waliona ziwa Kivu. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, na wateja walimsifu kwa mshono wake ulionyoka. Mwaka 2014 jirani yake mmoja, mgeni kutoka Ulaya, alimaliza kazi akarudi kwao. Hakuweza kwenda na paka wake mchanga, basi akamwachia shangazi. Alikuwa paka wa asili ya Uajemi: uso bapa, miguu mifupi, manyoya meupe yenye urefu wa kidole. Watoto wa mtaa walikuja kumtazama kama kitu cha ajabu. Shangazi akampa jina la Pamba.

Mwaka uleule mume wa shangazi alifariki. Tangu hapo, kila jioni, akiisha kufunga cherehani, shangazi aliketi barazani, akatandika kitambaa mapajani, akamweka Pamba juu yake na kumchana kwa kitana cha chuma. Ilikuwa robo saa tu. Paka alifumba macho na kukoroma kwa raha. Kisha alipewa sambaza wawili watatu, na kazi ikaisha. Sisi tuliomtembelea tulisema, “Huo ni mchezo wa mjane.” Hatukuona kwamba ni kazi.

Mwaka 2022 nilikuwa nikifanya kazi Uvira, nikaja Bukavu kwa likizo. Nilimkuta Pamba amejificha chini ya kitanda. Alinuka. Alikuwa amemkwaruza mtoto wa ndugu yangu aliyetaka kumbeba. Ndugu zangu walikuwa wamekasirika. “Paka huyu amekuwa mkali,” walisema. “Heri tumpeleke sokoni Kadutu, akajitafutie panya huko.” Shangazi hakubishana nao. Alisema tu, “Ameanza kuzeeka, wanangu. Mwacheni.”

Nikamwambia, “Shangazi, nipe siku moja tu. Nitamsafisha.” Yeye akageuza uso, akatazama cherehani yake. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa, na juu ya kitambaa palikuwa na vumbi. Niliona lile vumbi, lakini sikuuliza neno.

Nilipompapasa Pamba nilishangaa. Nyuma ya masikio, kwapani, tumboni na kwenye mapaja ya nyuma, manyoya yalikuwa yameshikana na kuwa magumu, kama blanketi kuukuu lililolowa na kukauka mara nyingi. Alipotembea, mafundo yalivuta ngozi kila hatua. Kumbe hakuwa mkali. Alikuwa anaumia.

Basi nikafanya makosa mawili, nami nayaeleza ili mwingine asiyafanye. Kosa la kwanza, nilimwosha kwa maji na sabuni kabla ya kufungua mafundo. Manyoya yaliyoshikana yakilowa, kisha yakikauka, hukaza zaidi. Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nilichukua makasi ya shangazi, nikavuta fundo moja la kwapani, nikakata chini yake. Sikujua kwamba ngozi ya paka ni nyembamba na imelegea, na ukivuta manyoya, ngozi nayo hupanda kama turubai la hema. Nilikata ngozi pamoja na manyoya. Pamba alilia kilio ambacho nakisikia mpaka leo, na damu ikamwagika juu ya kitambaa cheupe.

Tulimfunika kwa taulo, tukamtia katika kikapu, tukamkimbiza kwa mganga wa wanyama. Alimpiga sindano ya usingizi, akashona kidonda kwa nyuzi tatu, kisha akaanza kunyoa mafundo kwa mashine. Katikati ya kazi umeme ulikatika, tukangoja, na katika kungoja huko alinifundisha mambo mengi.

Aliniambia kwamba ulimi wa paka una vijimiba vidogo vilivyopinda kuelekea nyuma. Mwaka 2018 wataalamu wawili wa Marekani, Alexis Noel na David Hu, walieleza kwamba vijimiba hivyo vina kijitundu kwenye ncha, ambacho huchukua mate na kuyafikisha mpaka kwenye ngozi. Hivyo ndivyo paka wa kawaida anavyojiosha. Lakini kwa paka wa Uajemi manyoya ni marefu na mengi mno, na vijimiba haviwezi kufika chini. Tena si yeye aliyejichagulia manyoya hayo. Paka wa manyoya marefu walijulikana zamani huko mashariki, lakini tangu Harrison Weir alipofanya maonyesho makubwa ya paka kule Crystal Palace, London, mwaka 1871, wafugaji walizidi kuchagua wenye manyoya mengi zaidi na kuwazalisha. “Basi,” akasema mganga, “watu ndio waliompa vazi ambalo ulimi wake hauwezi kulisafisha. Kazi iliyobaki ni ya mkono wa mtu. Mkono ukiacha, mnyama anateseka.”

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. Alikuwa ameshika kipande cha manyoya yaliyonyolewa, kizito kama soli ya kiatu. “Hili si fundo la wiki moja,” akasema. “Ni la miezi mingi. Lakini meno yake na kucha zake zinaonyesha kwamba alitunzwa vema muda mrefu. Nani alikuwa anamchana? Na mtu huyo amepatwa na nini?”

Sikuwa na jibu.

Jioni ile nilirudi kwa shangazi. Pamba alilala katika kikapu, amenyolewa tumbo na kwapa, mdogo kama sungura. Nilichukua kitana cha chuma kutoka mahali pake dirishani, nikakiweka katika mkono wa shangazi. Vidole vyake havikuweza kukishika. Kitana kilianguka chini. Ndipo nilipoitazama ile mikono kwa mara ya kwanza: viungo vimevimba, vidole vimepinda, na kidole gumba hakikutana tena na kidole cha shahada.

“Tangu lini, shangazi?”

“Tangu mvua za mwaka jana.”

“Na nguo za wateja?”

“Niliwarudishia vitambaa vyao. Niliwaambia kwamba cherehani imeharibika.”

“Kwa nini hukutuambia?”

Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, “Mngeniondoa katika nyumba yangu. Mngenigawa, mwezi mmoja kwa huyu, mwezi mmoja kwa yule. Ninyi nyote mlikuwa mnamkasirikia paka. Hakuna aliyenitazama mimi.”

Ndugu wasomaji, sikuweza kujitetea. Maneno yake yalikuwa kweli. Tulikula mezani pake, tukanywa chai yake, tukalalamika juu ya harufu ya paka wake, na hatukuona kwamba kikombe chake alikishika kwa viganja viwili kama mtoto. Mafundo yale yalikuwa barua aliyoiandika bila kutaka, nasi tulitaka kuitupa sokoni.

Tulimpeleka hospitali. Walisema ni ugonjwa wa viungo, wakampa dawa. Maumivu yalipungua, lakini vidole vilivyokwisha kupinda havikunyoka tena. Kisha tukakutana jamaa wote, na neno la kwanza tulilokubaliana ni hili: shangazi abaki nyumbani kwake. Cherehani tuliiacha mahali pake, na binti wa jirani, anayesuka nywele za wanawake, akaombwa kuja kila jioni. Asubuhi angeitumia cherehani kwa kujifunza ushonaji, na shangazi angemfundisha kwa mdomo. Jioni angemchana Pamba.

Binti huyo hakuwa amemchana paka hata siku moja, lakini alijua kazi kuliko mimi. Alipoona fundo dogo lililobaki katika mkia, hakulivuta. Alilishika karibu na ngozi kwa vidole viwili, ili ngozi isivutwe, akaanza kulifungua kutoka nchani, kidogo kidogo, akipanda kuelekea chini ya manyoya. Nikamwuliza nani amemfundisha. Akacheka. “Kaka, kichwa cha mtu si hivyohivyo? Ukianza kwenye shina, mtu atalia. Anza nchani.”

Wenye paka wa namna hii na washike mambo haya machache. Mchane kila siku, dakika chache, akiwa ameshiba na ana usingizi. Tumia kwanza kitana chenye meno yaliyoachana, kisha chenye meno ya karibu. Usisahau mahali pa siri: kwapani, nyuma ya masikio, tumboni, chini ya mkia. Fundo dogo ulinyunyizie unga laini wa wanga wa mahindi, kisha ulifungue kwa vidole. Fundo kubwa lililofika kwenye ngozi usilikate kwa makasi. Mpelekee mganga mwenye mashine. Mkia ukianza kupigapiga, na masikio yakilala nyuma, acha, utamalizia kesho. Wala usimpake mafuta ya taa kwa ajili ya viroboto, wala dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa maana nyingine zina permethrini, nayo humwua paka.

Na paka aliyekuwa safi akianza kuwa mchafu, usimpige wala usimfukuze. Huenda ni mgonjwa, au amezeeka, au amenenepa mno hata hawezi kujipinda ajilambe. Au huenda si yeye aliye mgonjwa. Tazama mkono uliokuwa ukimtunza.

Wazee wetu walisema, asiyeziba ufa atajenga ukuta. Nilizoea kulisema neno hilo kwa watu wengine. Sasa najua kwamba fundo nililolikata kwa makasi lilianza kuwa nywele mbili tu zilizoshikana, jioni moja, wakati shangazi alipoweka kitana chini kwa sababu vidole vilimwuma, na hapakuwa na mtu barazani wa kumwuliza, “Mbona leo umeacha mapema?”

Nilipokaribia kurudi Uvira, manyoya ya Pamba yalikuwa yameanza kuota tena. Shangazi aliketi karibu na binti, mikono mapajani, akitoa amri: “Hapo bado. Chini ya sikio. Taratibu, mwanangu.” Paka alifumba macho. Nami nilikaa barazani mpaka kazi ikaisha.