Pikipiki inayokohoa

Pikipiki ya zamani ina magonjwa yake, kama mzee. Asubuhi inawaka vizuri. Ikifika kwenye kilima inakohoa, inakohoa, halafu inanyamaza. Mwenyewe anashuka na kuisukuma, na watoto wa njiani wanamcheka. Anasema: « Injini imekufa. » Mara nyingi haijafa. Ina njaa tu.

Chakula cha injini ni esanse na hewa, vimechanganyika. Kilo 1 ya esanse inataka kilo 15 hivi za hewa. Chombo cha kuvichanganya kinaitwa kaburateri. Ndani yake mna kibakuli cha esanse, na boya linaloelea. Kibakuli kikijaa, boya linapanda na kufunga njia. Esanse ikipungua, linashuka na kuifungua. Kutoka hapo esanse inapita katika kitundu chembamba sana, kwenda kukutana na hewa.

Fundi mwenye akili hafungui kila kitu mara moja. Kwanza anatazama: esanse imo katika tangi? Kisha anatoa buji. Ikiwa nyeusi kwa masizi, esanse ni nyingi kuliko hewa. Labda chujio la hewa limejaa vumbi. Ikiwa nyeupe, esanse haitoshi. Pengine kutu ya tangi imeziba kitundu. Basi anakipuliza kwa pompi ya kinga. Fundi mjinga anakichokoa kwa waya! Kitundu kinapanuka, na tangu siku hiyo pikipiki inakunywa kama mlevi.

Lakini kuna ubaya mkubwa kuliko njaa. Mshiko wa kulia unavuta kamba ya chuma. Kamba inainua kizibo ndani ya kaburateri, injini inapata nguvu. Mtu akiuachia, springi inakirudisha kizibo chini. Sasa, nyuzi za kamba zikianza kukatika, zinakwama ndani ya ala yake. Mtu anaachia, pikipiki haisikii, inazidi kukimbia. Na mbele kuna daraja la miti, na akina mama wanaotoka sokoni! Afanye nini? Avute mshiko wa kushoto ili injini iachane na gurudumu, azime injini, ashike breki.

Afadhali ajue kabla ya safari. Pikipiki ikisimama, injini ikiunguruma polepole, ageuze usukani kushoto, halafu kulia. Sauti ikipanda yenyewe, kamba imebanwa mahali. Na kamba iliyokatika nyuzi haitiwi mafuta. Inatupwa, inawekwa mpya, hata kama abiria anangoja na jua linatua.