Weka Tairi Juu ya Jiwe

Hapa Kakuma ukimwambia mtu kwamba Jumamosi unasafiri, swali lake la kwanza ni hili: "Kesi yako imetoka?" Kwetu safari maana yake ni ndege. Hakuna anayefikiria kwamba unaweza kwenda mahali, ulale usiku mmoja, halafu urudi nyumbani kwako uoshe vyombo. Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, aliponiona nimekunja mkeka na chandarua alianza kulia. Alidhani ninaenda Marekani bila kumuaga. Nikamwambia, "Hapana mama, tunaenda kupanda mawe na gari." Akafuta machozi, akaniangalia kama mtu ambaye jua limemwingia kichwani.

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la Fundi. Fundi ni mtu wa Uvira, anatengeneza magari, na jioni tunakaa karakana kwake kuchaji simu. Huko ndiko alituonyesha video za Rhino Charge, yale mashindano ya Kenya yaliyoanza 1989. Magari yanapewa vituo 13 porini na saa 10 za kuvifikia, na mshindi si yule mwenye mbio. Ni yule aliyevifikia vyote kwa njia fupi zaidi. Kwa hiyo wanapita mahali ambapo hata mbuzi anafikiria kwanza. Pesa zinazochangwa zilisaidia kujenga uzio wa kuzunguka msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400. Sisi hatukuwa na faru, hatukuwa na uzio, na pesa ya kuchanga ndiyo kabisa. Lakini gari lilikuwepo.

Lilikuwa Land Cruiser pikapu ya zamani, mali ya mzee mmoja Mturkana anayebeba bidhaa kupeleka vijijini. Fundi alikuwa ameibadilisha klachi na alitaka kuijaribu kwenye njia mbaya kabla ya kuirudisha kazini. Mzee akakubali kwa masharti mawili: dizeli tujinunulie, na kijana wake aende na sisi. Tukawa watu sita: Fundi, huyo kijana wa mzee, dada mmoja Mburundi ambaye ni fundi cherehani, vijana wawili wa Sudani Kusini ninaofanya nao mazoezi ya mpira, na mimi.

Kati ya sisi sita, watano tulihitaji kibali cha kutoka kambini. Kijana wa mzee hakuhitaji, yeye ni mwananchi. Mimi kwa sababu ninafanya kazi na vijana, na jina langu linajulikana kwenye ofisi inayotoa vibali, ndiye niliyeandikwa kiongozi. Karatasi ilisema: kutoka Jumamosi asubuhi, kurudi Jumapili saa 12 jioni. Nikaweka sahihi. Muikumbuke hiyo saa.

Tuliondoka na chai ya rangi na mandazi. Njiani nilikuwa namwita Fundi "yaya", kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu Kongo. Kijana wa mzee akacheka mpaka akashika tumbo. Kwa Kiswahili cha Kenya yaya ni yule dada anayelea watoto wa watu. Mpaka leo anamuuliza Fundi watoto wamelala saa ngapi.

Tulikuwa tunaelekea upande wa milima ya Pelekech. Tulipoacha barabara kubwa na kuingia kwenye mawe, Fundi alisimamisha gari akaanza kutoa upepo kwenye tairi. Mimi nikashangaa, juu nilijua tairi isiyo na upepo ni tairi mbovu. Akaniambia tairi iliyojaa sana inaruka juu ya jiwe kama mpira, na jiwe kali linaipasua. Ukipunguza upepo, tairi inakuwa laini, inalishika jiwe kama mkono. Alitoa kutoka 40 mpaka 20. Halafu akaweka fo-wili, ile gia ndogo kabisa, na gari likaanza kutembea polepole kuliko mtu. Hapo ndipo nilielewa huu mchezo. Mwendo wote ni wa kinyonga. Unaweza kumaliza nusu saa kwenye mita 30.

Jambo la pili alilotufundisha lilikuwa gumu kuamini. Ukiona jiwe kubwa mbele, akili inakwambia ulipitishe katikati, chini ya gari, tairi moja huku na nyingine kule. Fundi akasema hapo ndipo watu wanavunja magari. Chini ya gari kuna difu, inaning'inia, na jiwe litaigonga. "Weka tairi juu ya jiwe," alisema. "Panda juu yake. Ukiliogopa, litakupiga tumboni."

Jambo la tatu: dereva haoni kilicho mbele ya magurudumu yake. Lazima awe na tanboi mbele anayemwelekeza kwa mikono, na tanboi awe mmoja tu. Wengine wote wafunge midomo. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Nataka niseme kwa nini hilo liliniingia. Mwaka 2012 nilikuwa na miaka 11, vita vya M23 vilipofika kwetu Rutshuru. Tulitoka juu ya Fuso, watu na magodoro na mbuzi, tukielekea mpaka wa Bunagana. Usiku Fuso ikanasa kwenye mawe ya njia. Wanaume wote wakashuka, na kila mmoja akawa anapiga kelele zake: kata kushoto, kata kulia, rudi nyuma, songa. Dereva alikuwa kijana mdogo. Nakumbuka aliinamisha kichwa kwenye usukani akalia. Tuliiacha ile Fuso pale, tukatembea, na sufuria kubwa ya mama ikabaki. Kwa miaka yote nilikuwa nafikiri tulikwama kwa sababu ya mawe.

Basi Jumamosi ile ilikuwa nzuri. Sitadanganya. Kila mtu aliendesha kidogo, hata wale vijana wa Sudani Kusini ambao hawajawahi kushika usukani. Dada wetu Mburundi ndiye aliyetushinda wote. Mguu wake umezoea cherehani, kwa hiyo anakanyaga mafuta kidogo kidogo bila kushtuka.

Jioni tulifunga turubai kutoka kwenye gari mpaka mti wa ewoi, tukapika bugali na samaki kavu wa ziwani. Mzee mmoja mchungaji akaja na kigoda chake cha ekicholong, akasalimia "Ejoka", akakaa. Alikuwa ametuangalia tangu mchana. Kupitia kijana wetu akauliza tumepoteza mnyama gani. Tukasema hatukupoteza mnyama. Akauliza, basi huko juu ya mawe kuna nini? Tukasema hakuna kitu, tunacheza. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema amewaona wakimbizi wakibeba kuni, wakibeba maji, wakipanga foleni. Wakicheza na gari, ndiyo mara ya kwanza. Akacheka, nasi tukacheka. Kabla hajaondoka alisema kitu kingine: huko juu milimani mvua inakuja. Laga itajaa.

Usiku huo nililala nikiangalia juu. Hakuna jenereta, hakuna redio ya jirani, hakuna mtoto wa jirani analia. Dada alisema ana miaka 9 Kakuma na huo ndio usiku wake wa kwanza kulala nje ya kambi. Alisema haogopi kitu, ila kimya kinamfanya asikie moyo wake.

Sasa Jumapili. Saa 4 asubuhi kijana wa mzee alisema tufunge vitu tuondoke, juu mawingu yalikuwa yamekaa milimani. Mimi ndiye niliyekataa. Kulikuwa na jiwe moja pana, jeusi, ambalo Jumamosi lilitushinda mara mbili. Nikasema, "Mara moja tu, halafu twende." Kiongozi ni mimi, wakakubali.

Tairi ya mbele ikapanda. Gari lote likapanda. Watu wakapiga kelele za furaha, nami nikatoa simu kuangalia saa, na huku mkono mwingine ukiendelea kuelekeza. Nilionyesha kulia. Ilitakiwa iwe kushoto. Gurudumu la mbele likateleza likaanguka katikati ya mawe mawili, gari likakaa kwa tumbo, na tukasikia chuma kikilia. Tai-rodi ilikuwa imepinda, tairi moja inaangalia mashariki na nyingine magharibi.

Na hapo tukafanya yale yale ya Fuso. Kila mtu akaanza kusema lake. Wekeni jeki hapa, hapana pale, sukuma, acha, rudi nyuma. Fundi ndani ya gari anageuza kichwa huku na huku. Mimi nilisimama mbele, mikono chini, nikiwa nimekauka. Ni dada aliyepiga kelele moja tu: "Nyamazeni!" Kisha akaniambia, bila hasira, "Kaka, toka hapo mbele. Kabebe mawe." Nikatoka. Nikabeba mawe.

Tulipiga jeki, tukajaza mawe chini ya gurudumu, tukashusha, tukapiga tena. Dada aliongoza kwa vidole viwili, gari likatoka sentimita kwa sentimita. Halafu Fundi akafungua tai-rodi, akailaza juu ya jiwe, akainyoosha kwa nyundo. Jumla, saa 5 zilienda.

Tulipofika kwenye laga ya mwisho kabla ya barabara, ilikuwa saa 11 jioni. Asubuhi ya Jumamosi tuliivuka kwenye mchanga mkavu. Sasa ilikuwa maji ya kahawia yanayobeba matawi, na kwetu hapo halikuwa limedondoka hata tone moja. Kwa barabara kulikuwa kumebaki muda mfupi tu, tungevuka tungewahi. Nilimwangalia Fundi. Kijana wa mzee akatoa ufunguo kwenye gari akauweka mfukoni. "Maji ya laga hayajui kibali," alisema. Safari hii sikubisha. Tukakaa ukingoni. Saa 12 ikapita tukiitazama kwenye simu yangu, sote sita, kama watu wanaotazama mechi wanafungwa. Maji yalipungua usiku. Tulifika kambini saa 4.

Jumatatu niliitwa ofisini. Nilieleza yote kama nilivyoeleza hapa. Nilisema laga ilijaa, ni kweli. Lakini nilisema pia kwamba tungeondoka saa 4 asubuhi tulipoambiwa, tungeikuta kavu. Yule ofisa aliandika. Akasema kikundi chetu hakitapewa kibali kwa miezi 3.

Hapo ndipo uzito wa jiwe lile ulinifikia. Tima yetu ya wasichana ilikuwa imealikwa Lodwar kucheza mwezi uliofuata. Mechi yao ya kwanza nje ya kambi. Walikuwa wameshashona namba kwenye jezi, na aliyewashonea ni yule yule dada.

Niliwaita uwanjani nikawaambia. Sikusema "hali haikuruhusu". Nilisema mimi ndiye niliyechelewesha gari kwa sababu ya jiwe, na niliomba msamaha. Wawili waliondoka bila kuniaga, na mmoja wao bado hanisalimii. Ana haki. Kapteni wao akabaki ameshika mpira. Akaniuliza, "Hilo jiwe lenyewe, mlilipita?"

Nikasema tulipanda, kushuka ndiko kulitushinda.

Akafikiri. "Miezi 3 ikiisha," akasema, "tutaenda Lodwar kwanza. Halafu mtatupeleka na sisi kwa hilo jiwe. Lakini wewe hutakaa mbele."

Nimekubali. Kwenye daftari langu la kazi sasa, kila safari ninayoipanga, kitu cha kwanza ninachoandika ni saa ya kuanza kurudi. Na mbele ya gari atasimama dada.