Jicho Lililokwenda Upande

Huko Kashikishi, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, wanawake huanika mchangani chisense, dagaa wa huko. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa miezi minane ambaye jicho lake la kushoto lilielekea puani. Mkwewe alisema ni makengeza tu, yatamtoka akikua. La sivyo, atamkamulia majani.

Bibi hakukosea yote. Macho ya mtoto mchanga huweza kwenda upande mara moja moja katika miezi mitatu au minne ya mwanzo. Tena pua pana humfanya mtoto aonekane ana makengeza asiyokuwa nayo. Lakini miezi minane si uchanga, na bonde la Luapula lilikwisha kupoteza macho ya watoto wengi kwa surua, kwa upungufu wa vitamini A na kwa dawa za majani zilizotiwa machoni.

Mama hakubishana. Aliazima tochi ya mvuvi, akaimulika kutoka umbali wa mkono. Macho yakiwa sawa, kimetameta cha mwanga hukaa mahali pamoja katika mboni zote mbili. Njia hii ilielezwa na daktari Mjerumani, Julius Hirschberg, katika miaka ya 1880. Katika jicho la kulia kilikaa katikati. Katika la kushoto kilisogea upande wa sikio.

Kisha akalifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Mtoto akaendelea kucheka. Akalifunika la kulia: mtoto akalia, akausukuma mkono. Bibi akanyamaza.

Kilio kile ndicho kilichokuwa na uzito. Ubongo wa mtoto ukiletewa picha mbili zisizolingana hulipuuza jicho moja, na jicho lililopuuzwa miaka mingi halijifunzi kuona, hata likinyooshwa baadaye. Likiwahiwa, kuna miwani, kuna kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku, na kuna upasuaji wa misuli. Mboni ikionekana nyeupe, mama asingoje hata wiki: huenda ni mtoto wa jicho, au saratani.

Asubuhi iliyofuata walikwenda Hospitali ya Mtakatifu Paulo, papo hapo Kashikishi, kuomba waelekezwe kwa mtaalamu wa macho. Bibi ndiye aliyembeba mtoto. Tochi ilikuwa imekwisha kurudishwa tangu jioni, maana mwenyewe alikuwa na usiku wa kuvua.